Majibu ya kipimo cha neva za mkono: gredi kubwa sio maumivu makubwa

Mtu katoka kupimwa mkono kaandikiwa gredi 2, anakasirika, mbona wameniwekea ndogo hivi na mimi usiku silali kwa maumivu? Hii ndo dhana inayochanganya watu kuliko zote, kwamba gredi inapima maumivu. Haipimi. Inasema tu neva imeathirika kiasi gani pale inapobanwa kwenye kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba inayoitwa kapali taneli. Wanakupiga vishoti vidogo vya umeme (vinashtua, ila haviui) halafu mashine inaangalia ishara imechukua muda gani kufika na imefika na nguvu gani.

Skeli moja inayojulikana sana ni ya daktari Bland wa Uingereza, ya mwaka 2000, inaanzia 0 mpaka 6. Kwa kawaida upande wa hisia ndo unaanza kuharibika. Gredi 2, hisia zinachelewa lakini msuli wa dole gumba bado unapata ishara kwa wakati. Gredi 3 na msuli nao unachelewa, ishara inachukua zaidi ya milisekunde 4.5 kuufikia (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde). Gredi 4 ishara ya hisia haionekani tena, 5 msuli unasubiri zaidi ya milisekunde 6.5, na 6 hapo msuli karibu haujibu kabisa.

Sasa angalia, kuna wazee wanapimwa wanakutwa 5 au 6 na wanakwambia siku hizi hauumi sana, ni ganzi tu na vikombe vinanidondoka, ukicheki nyama ya chini ya dole gumba imebonyea. Wenyewe wanadhani wanapona kumbe hisia ndo zimekata. Na wa gredi 1 anaamka usiku anakung'uta mkono kama kashika moto, na hadanganyi.

Dhana nyingine: kipimo kikija safi basi huna kitu, unajiendekeza. Sio kweli, kuna wenye dalili zote, ganzi ya dole gumba, cha shahada na cha kati, na kipimo kinasoma kawaida. Ndo maana daktari mzuri anakusikiliza kwanza, hatibu karatasi. Kinyume chake pia kipo, mkono ukiwa wa baridi ishara zinapita taratibu na unaweza kuonekana mgonjwa wakati huna shida, so wakikuambia upashe mikono joto kwanza usione wanakupotezea muda.

Eti gredi 3 lazima upasuliwe? Hakuna sheria hiyo. Wa gredi za chini wengi wanaanza na kibao cha kufunga mkono usiku au sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), ila msuli ukishaanza kuisha upasuaji hauna haja ya kuahirishwa ahirishwa, maana neva iliyofika 6 inarudi polepole sana na nyingine hairudi yote.

Halafu hili la baada ya operesheni. Watu wanarudia kipimo wanakuta namba bado sio za kawaida wanaanza kumlaumu daktari, wakati usiku wanalala vizuri tu. Namba zinaweza kuwa nzuri kuliko mwanzo na bado zisifike kawaida. Cha kulinganisha ni majibu yako ya kabla na ya baada, kwa hiyo ile karatasi ya kwanza usiitupe.