Unaandamana na simu yao mkononi?

Mtoto wa dada yangu, anayesoma sheria hapa Lubumbashi, Kongo, alinitumia wiki iliyopita picha ya zamani. Ni ya waandamanaji wa New York mwaka 2011, wakati wa ule wito wa "sisi ni asilimia 99". Mtu ameichora mishale: koti la kampuni, kamera ya kampuni, kahawa ya kampuni. Chini ameniandikia: "Mjomba, hawa si wanajipiga wenyewe?"

Mzaha huo haujazeeka. Kila watu wanapoingia barabarani kulalamikia matajiri na makampuni, lazima atokee mmoja wa kuwachungulia mifukoni. Kazi yangu ni kuhesabu matumizi ya kaya: inanunua nini, kwa nani, na ingenunua kwa nani kama ingeweza. Hilo la mwisho ndilo picha ile isiloliuliza.

Chukua bia. Simba ikipanda bei, mnywaji wa mtaa wa Katuba anahamia Primus, na mfuko ukibana zaidi, lutuku, pombe kali ya kienyeji, ipo. (Mama yangu angesema munkoyo, kinywaji chetu cha nyumbani, ipo pia, na haileti matusi.) Mnywaji huyo ana pa kwenda, na mwenye kiwanda anajua. Hapo kususia kunauma upesi, kwa sababu anayeumia kwanza ni muuzaji.

Sasa chukua simu. Namba yako ndiyo duka lako: wateja wanaijua, akiba yako ya M-Pesa imo ndani, mwenye nyumba anadai kodi kwayo. Kuhama mtandao si kununua kadi nyingine tu, ni kuanza upya kujulikana. Sisi wahesabu tunaiita gharama ya kuhama. Ikiwa kubwa, mtu anaendelea kununua hata akiwa na hasira, na ukisoma hesabu za kampuni utadhani ameridhika.

Tuliliona hilo kwenye RAM, ile tozo ya kuandikisha simu iliyoanza Septemba 2020. Mwenye simu ya 3G au zaidi alikatwa dola 7 kwa mwaka, wa 2G dola 1, moja kwa moja kwenye yunite zake, yaani salio la simu. Serikali ndiyo iliyoagiza, mitandao ikakata. Ungehama kwenda wapi, ikiwa kila mtandao unakata? Watu walilalamika kwa simu zilezile zilizokuwa zikikatwa, wengine wakaandamana, wabunge wakamhoji waziri, na mwaka 2022 ikafutwa. Kwa mantiki ya ile mishale, mtu alipaswa kwanza kutupa simu ndipo apate haki ya kulalamika. Angetupa, nani angemsikia?

Lakini kwa mtu wa Lubumbashi mfano mkubwa zaidi si simu. Ni kambi ya wafanyakazi wa mgodi.

Mwaka 1941 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ilikuwa inachimba shaba kwa ajili ya vita. Bei za vitu zilipanda, mishahara ya Waafrika ikabaki nyuma. Mfanyakazi alilala katika nyumba ya kampuni, mkewe alipokea posho ya kampuni, mtoto akiugua alipelekwa hospitali ya kampuni. Mwezi wa 12 waligoma. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika uwanjani, na askari wakawapiga risasi. Makumi walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Wale watu walikuwa na unga wa kampuni tumboni. Kuutegemea hakukuwa ridhaa yao. Kampuni ndiyo iliyopanga kambi hivyo, na mtu anayekula kwa bwana wake huogopa kugoma. Waligoma hata hivyo.

Mtoto wa dada yangu hajakosea kila kitu. Utegemezi unaingia moyoni pia, na hapa kwetu tunaujua vizuri. Wazee walisema "kazi njo baba, kazi njo mama", yaani kazi ndiyo mzazi, na wengi bado wanasimulia Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ile, kama mzazi aliyefariki. Nikiwauliza walichopoteza, wachache huanza na mshahara. Wanaanza na mfuko wa unga, shule, hospitali. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoachishwa katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, vyote hivyo viliyumba kwa pamoja. Neno hilo "hiari" mpaka leo linanikera. Walikuwa na miezi na miezi ya mishahara ambayo haijalipwa. Hiari ya mtu wa namna hiyo ni nyembamba sana.

Kuna wanaoniambia mambo yamegeuka, kwamba sasa dunia ndiyo inatutegemea, kwa kuwa zaidi ya nusu ya kobalti yote, madini ya kutengenezea betri, inatoka nchini kwetu. Nchi, sawa. Mchimbaji wa Kolwezi, hapana. Anabeba gunia hadi depo siku ileile kwa sababu jioni watoto watakula. Mnunuzi anaweza kungoja hata mwezi. Bei inapangwa na yule anayeweza kungoja, na betri iliyo ndani ya simu ya mchimbaji haimpi siku moja ya kungoja.

Nilimwandikia kijana hayo yote. Akajibu kwa swali moja tu: "Wewe mwenyewe mjomba, umeacha nini?"

Unga. Lubumbashi inakula mahindi mengi yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na Zambia ikizuia kuuza nje, bukari, yaani ugali wetu, inakuwa anasa ndani ya wiki chache. Kwa hiyo nanunua mahindi ya punje mwezi wa 5 au wa 6, yanapotoka vijijini, na kusagisha kwenye mashine ya mtaani. Naweza kwa sababu nina chumba kikavu na pesa ya magunia manne kwa mpigo. Jirani yangu hana chumba wala pesa hiyo, ananunua kwa kipimo kila siku, na kwa kilo moja analipa zaidi yangu.

Simu sijaacha. Jibu hilo nilimtumia kwa simu hiyohiyo, na yunite zikaniishia kabla sijafika kwenye habari za jirani.