Visiwa vya Kuril: Japani ilivikana, lakini kwa faida ya nani?

Kutoka rasi ya Nosappu, mashariki kabisa mwa Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani, hadi kisiwa kidogo cha Kaigara ni kilomita 3.7 tu. Siku isiyo na ukungu, mnara wake wa taa unaonekana kwa macho. Mnara huo ulijengwa na Wajapani, ila tangu 1945 anayetawala hapo ni Mrusi.

Kinachogombewa na Japani na Urusi ni Etorofu, Kunashiri, Shikotan na kundi la Habomai, ambamo Kaigara imo, kusini mwa safu ya visiwa vya Kuril inayoelekea kaskazini hadi Kamchatka ya Urusi. Mkataba wa Shimoda wa 1855 kati ya Japani na Urusi uliupitisha mpaka kaskazini mwa Etorofu, na kwa miaka 90 Urusi haikuvidai visiwa hivyo. Mambo yaligeuka Februari 1945 katika mkutano wa Yalta wa viongozi wa Marekani, Uingereza na Umoja wa Kisovieti, Stalin, kiongozi wa Kisovieti, alipoahidiwa Kuril endapo angeingia vitani dhidi ya Japani. Japani ilitangaza kusalimu amri tarehe 15 Agosti. Wasovieti wakatua Etorofu tarehe 28. Wakazi wa Kijapani wapatao 17,000 walihamishwa hadi kufikia 1949.

Wengi huishia kwenye uvamizi huo. Kisheria, mimi naona fundo liko kwenye Mkataba wa San Francisco wa 1951, ule wa amani baada ya vita. Humo Japani ilikana haki zote juu ya Kuril, lakini hapakuandikwa zinakwenda kwa nani, na Umoja wa Kisovieti ukakataa kutia saini. Kwa hiyo Moscow inashikilia visiwa bila hati ya kukabidhiwa, nayo Tokyo inadai kitu ilichokwisha kukikana. Tokyo hujibu kwamba vile vinne si sehemu ya Kuril. Hoja hiyo ina doa: Oktoba 1951 ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani aliliambia bunge kwamba Etorofu na Kunashiri zimo.

Mwaka 1956 Moscow ilikubali kuachia Shikotan na Habomai baada ya mkataba wa amani. Mkataba haukuja. Mwaka 2020 Katiba ya Urusi ilipiga marufuku kutoa ardhi, na Machi 2022 Moscow ikasitisha mazungumzo kwa sababu ya vikwazo vya Japani kuhusu vita vya Ukraine.

Wavuvi walitafuta njia yao. Mapatano ya 1963 yanawaruhusu Wajapani kuvuna mwani karibu na Kaigara kwa kulipa ada. Kwa upande wa Japani, aliyetia saini ni chama cha uvuvi, si serikali. Serikali ingetia saini, ingeonekana imekiri bahari ile ni ya Urusi.