Arosto ya unga na arosto ya pombe: ipi inaua?

Arosto ni ugonjwa unaompata mtu mwili wake ukikosa kilevi ulichokwisha kukizoea. Si hamu tu, wala si uvivu. Pombe huutuliza ubongo. Ukinywa kila siku, ubongo nao hujichochea zaidi ili uweze kufanya kazi. Siku pombe ikikatika, uchochezi unabaki peke yake, na mtu anatetemeka. Ndiyo maana dalili za arosto ni kinyume cha kazi ya kilevi chenyewe. Heroini hufunga choo na kuzima maumivu. Aliyeikosa huharisha na kuumwa mifupa.

Arosto ya unga, yaani heroini, huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete (kipakiti kidogo cha unga) ya mwisho: miayo, machozi, makamasi, vinyweleo kusimama, kutapika. Hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki moja hivi. Inatesa sana, lakini kwa mtu mzima mwenye afya na anayepewa maji ya kutosha ni nadra kuua. Kinachoua ni kurudia. Mwili uliokaa wiki mbili bila unga umeshapoteza uzoefu, na kipimo kile kile cha zamani kinaweza kusimamisha pumzi. Methadoni, dawa ya kundi moja na heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, huziba pengo la unga: mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na dozi moja humshika kama saa 24. Mjamzito anayetumia heroini asikatishwe ghafla, apelekwe hospitali.

Arosto ya pombe ndiyo tunayoidharau, na ndiyo yenye kifo ndani yake. Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, kuanzia Oktoba, uraka, pombe ya mabibo hayo, unapatikana karibu kila kijiji Mtwara na Lindi, pamoja na gongo inayokenekwa kutokana na mabibo hayo hayo. Msimu ukiisha, au Ramadhani ikiandama, mnywaji wa kila siku anaacha ghafla. Nia ni njema kabisa, ila mwili haukupewa nafasi. Saa 6 hadi 24 za mwanzo anatetemeka mikono, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, homa ikapanda. Nyumbani husemwa ni jini au malaria imepanda kichwani, na saa za kumwokoa zinapotelea kwenye tiba za kombe na mafusho.

Hospitalini hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, ikipunguzwa taratibu kwa siku 3 hadi 7, na vitamini B1, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku, kwa siku 5. Kosa linalotokea ni kumtundikia dripu ya glukosi kabla ya B1: sukari huweza kumaliza akiba ndogo ya B1 iliyobaki, ubongo ukaumia, kumbukumbu zikapotea moja kwa moja. Diazepamu nayo isinunuliwe dukani ukampa nyumbani. Ikikutana na pombe hupunguza pumzi.

Mnywaji wa kila siku akilazwa kwa jambo jingine, hata mguu uliovunjika kwa kuanguka mkorosho, mwambieni muuguzi mapema anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi.