Taharuki katika Trela ya Filamu ya Kutisha

Taharuki ni hali ya kungoja jambo baya ambalo mtazamaji analihisi lakini hajui litatokea lini, nayo ndiyo inayouza filamu ya kutisha kuliko mzimu, kisu au damu. Mwelekezi Alfred Hitchcock aliitenga na mshtuko kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Likilipuka ghafla, watazamaji hushtuka kwa sekunde chache tu, lakini wakionyeshwa mapema kwamba lipo, huku waliokaa mezani wakiendelea na porojo zao, huhangaika muda wote wa mazungumzo hayo. Filamu nzima ina muda wa kutosha kuilea hali hiyo. Trela, yaani tangazo fupi la filamu ambalo kwa kawaida halizidi dakika 2 na nusu, haina, na kwa hiyo hulazimika kuijenga kwa sauti na picha zilizopangwa kwa hesabu.

Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na sauti. Anayetilia shaka na aizime sauti ya simu yake akiwa ndani ya matatu ya kwenda Bamburi, hapa Mombasa, kisha aitazame trela yoyote ya kutisha: ataona watu wakipita kwenye korido na milango ikifunguka, basi. Akiirudisha sauti, korido ile ile itamfanya ajikunyate kitini. Chini kabisa huwekwa mvumo mzito usiobadilika, ambao sikio huusahau upesi ilhali mwili unaendelea kuuhisi, na hii ndiyo sababu trela hiyo hiyo hutisha zaidi katika ukumbi wa sinema kule Nyali kuliko kwenye spika ya simu, ambayo haiwezi kutoa sauti nzito kama hiyo. Juu ya mvumo huo hupandishwa mlio mwembamba, kidogo kidogo. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Roger Shepard alieleza namna ya kupanga sauti kadhaa kwa pamoja hata msikilizaji aamini kwamba mlio unazidi kupanda, ingawa kwa kweli haufiki popote. Hila hiyo huwafaa sana wanaotaka kumning'iniza mtazamaji. Ile milio inayofanana na kilio kisicho cha mtu wala mnyama mara nyingi hutoka kwa wotafoni, ala iliyobuniwa na Mmarekani Richard Waters, ambayo ni bakuli la chuma lenye maji ndani na vijiti vya shaba pembeni vinavyosuguliwa kwa upinde wa fidla.

Kisha sauti zote hukatwa. Kimya cha sekunde moja au mbili baada ya kelele humfanya mtazamaji atege sikio mwenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo ustadi wa mhariri unapojulikana.

Kwa upande wa picha, tuchukue trela ya kubuni iliyopigwa usiku katika kichochoro cha Mji wa Kale, stima ikiwa imekatika. Mwanamke amesimama upande mmoja wa picha akimulika kwa simu, na nafasi yote iliyobaki ni giza na mlango wa nakshi ulio wazi nusu. Kamera inamsogelea polepole mno. Hakuna anayemwambia mtazamaji autazame mlango, lakini macho yake hayabanduki hapo. Skrini inakuwa nyeusi, bawaba inasikika ikilia, na picha inaporudi mwanamke yuko pale pale, ila mlango umefungwa. Hakuna jini aliyeonekana, na hakuhitajika.

Baada ya mwanzo wa polepole namna hiyo, wahariri wengi huongeza kasi, picha zikipokezana kwa kufuata mapigo ya ngoma, hadi jina la filamu litokee, na baada ya jina huongezwa kishindo kimoja cha mwisho. Kishindo hicho kimezoeleka mno, na mtazamaji mzoefu huziba masikio mapema. Wala kasi si sharti. Trela ya "The Shining," filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, ina picha moja tu ya milango ya lifti: kamera haisogei, majina yanapanda juu ya skrini, muziki unazidi kukaza, na mwishowe damu inamwagika kama mafuriko.

Jambo moja huwasumbua wanaonunua tiketi kwa kuvutwa na trela. Mara nyingi trela hutengenezwa na kampuni nyingine zenye kazi hiyo pekee, tena kwa muziki usiomo ndani ya filamu yenyewe, kwa hiyo si ajabu mtu akakaa ukumbini mpaka taa zikawashwa bila kuusikia hata mara moja ule mlio uliomtia baridi.