Kiuno hakivunjiki hivyo

"Bibi kavunjika kiuno." Mwezi huu nimeisikia mara tatu. Mara zote tatu aliyeumia alikuwa mtu mzima aliyeteleza bafuni, na mara zote tatu picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa paja.

Tuanze na kiuno chenyewe. Hapo ni pale khanga inapofungwa, kati ya mbavu na nyonga. Ukiacha pingili 5 za uti wa mgongo zinazopita nyuma, kiuno hakina mfupa wake. Ni nyama tupu, ndiyo maana kinakatika ngomani. Hata mtu anayesimama kashika kiuno, mikono yake mara nyingi imeegemea ukingo wa juu wa nyonga.

Fupanyonga ni pete ya mifupa inayopokea uzito wa kiwiliwili na kuupeleka miguuni. Kila upande kuna mfupa mpana wa nyonga. Nyuma mifupa hiyo miwili imeshikana na sakramu, yaani pingili 5 zilizoungana zikawa mfupa mmoja, na chini yake kuna kifandugu. Mbele inakutana kwenye kinena, katikati pakiwa na gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbulika kidogo. Basi.

Ila huo mfupa wa nyonga ulianza ukiwa mitatu: iliamu juu, pubisi mbele, na iskiamu chini nyuma, ambayo ndiyo unayoikalia sasa hivi. Utotoni imetenganishwa na gegedu, ikaja kuungana wakati wa kubalehe. Inakutania kwenye kikombe kinachopokea kichwa cha fupapaja, yaani ncha ya juu ya mfupa wa paja.

Majina yake ya kigeni yametoka jikoni zaidi kuliko hospitalini. Pelvis kwa Kilatini ni beseni. Kile kikombe kinaitwa asetabulamu, kibakuli cha siki cha mezani kwa Warumi. Kifandugu kilipewa na Wagiriki jina la ndege kekeo kwa kufanana na mdomo wake, na sakramu maana yake ni mfupa mtakatifu. Ajabu ni kwamba mfupa wa nyonga wenyewe, mkubwa kuliko hivyo vyote, kwa karne nyingi vitabu vya Kilatini viliuita "mfupa usio na jina". Sisi jina tunalo, tatizo tunalipachika popote.

Kwa sababu neno nyonga linabeba mambo mawili: ule mfupa mpana, na kiungo ambapo mguu unaingia kwenye kikombe. Mzee akianguka, kinachovunjika mara nyingi ni shingo ya fupapaja, kipande chembamba kilicho chini kidogo ya kichwa chake. Hiyo ni nyonga kwa maana ya kiungo, sawa, lakini fupanyonga lenyewe liko salama. Fupanyonga la mtu mwenye afya huhitaji kishindo kikubwa, kama cha gari au pikipiki, na kwa kuwa ni pete, mara nyingi huachia sehemu mbili kwa mpigo. Hatari yake kubwa ni damu inayomwagika ndani bila kuonekana. Vunjiko la kwanza, la shingo ya fupapaja, hupelekwa kwa daktari wa mifupa kuunganishwa au kuwekewa kichwa cha bandia. La pili, la fupanyonga, linaweza kuua kabla hujafika hospitali.

(Na wale wanaomtazama bibi harusi wakasema "ana nyonga huyu, atazaa bila shida": mnachokipima kwa macho ni nyama na ukingo wa iliamu. Mtoto anapita kwenye tundu la ndani ya pete, na hilo halionekani kwenye gauni.)

Kwa hiyo shangazi akipiga simu kusema bibi kavunjika kiuno, usimkatize. Mwulize tu kama bibi akilala chali anaweza kuinua mguu, na kama mguu huo umeonekana mfupi, wayo umegeukia nje. Akisema hauinuki, umefupika na umegeuka, yaelekea ni shingo ya fupapaja. Msimsimamishe, mpelekeni hospitali akiwa amelala.