Shahada ya Saikolojia: Kozi za Lazima na Mahali Wanafunzi Wanapokwama

Wengi wanaopangiwa saikolojia na KUCCPS, taasisi inayowagawa wanafunzi vyuoni Kenya, huingia chuoni wakitarajia kufunzwa kusikiliza watu na kuwapa ushauri. Ushauri nasaha umo, ila ni sehemu ndogo. Shahada hii ya miaka minne ni sayansi ya tabia, na uti wake wa mgongo ni takwimu na mbinu za utafiti. Anayeteleza hapo huchelewa kuhitimu hata kama kozi nyingine anazimudu.

Mwaka wa kwanza una utangulizi wa saikolojia, misingi ya kibiolojia ya tabia (ubongo, neva, homoni) na historia ya fani tangu maabara ya Wilhelm Wundt, Leipzig, Ujerumani, 1879. Zipo pia kozi za pamoja za chuo, kama mawasiliano, kompyuta na UKIMWI. Wanafunzi huzidharau, halafu mwaka wa nne hugundua kuwa alama ya kozi moja haipo na jina limeachwa nje ya orodha ya mahafali.

Takwimu ndiyo huwatisha wengi, hasa waliodhani wameagana na hesabu baada ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Tatizo kwa kawaida si kujumlisha, ni kutojua kwa nini. Chukua alama za watu watano: 4, 6, 7, 8 na 10. Wastani ni 7. Toa wastani kwa kila alama upate -3, -1, 0, 1 na 3. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumla ni 20. Hapa ndipo alama hupotea: mwanafunzi hugawanya kwa 5, akapata 4. Kwa kuwa watu hao ni sampuli, yaani sehemu tu ya jamii nzima, gawanya kwa 4, upate 5. Kipeuo chake cha pili, takriban 2.24, ndicho mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko wa alama. Tunapunguza moja kwa sababu wastani wenyewe umetokana na alama hizo hizo, hivyo mtawanyiko huonekana mdogo kuliko ulivyo katika jamii nzima.

Kisha huja kuchagua jaribio la takwimu. Ukiwapima wanabodaboda wa Kondele, mtaa wa Kisumu, kabla na baada ya mafunzo, ni watu wale wale mara mbili, kwa hiyo tumia jaribio la t (hulinganisha wastani mbili) la jozi. Ukiwalinganisha wa Kondele na wa Nyalenda, mtaa mwingine wa Kisumu, ni makundi mawili tofauti, na jaribio la t linalofaa ni la makundi huru. Ukihesabu tu nani huvaa helmeti na nani havai katika mitaa hiyo miwili, hiyo ni kai mraba, jaribio la kulinganisha idadi. Kompyuta haitakukataza kuchagua vibaya. Itakupa jibu tu.

Saikolojia ya ukuaji hufuata nadharia za Piaget (ukuaji wa fikra) na Erikson (ukuaji wa nafsi na mahusiano), zilizojengwa Ulaya na Marekani. Lakini utafiti wa karibu nasi upo. Miaka ya 1970, watafiti Charles Super na Sara Harkness walifanya kazi Kokwet, kijiji cha Kenya, miongoni mwa Wakipsigis. Watoto wa huko waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa walifundishwa kwa makusudi. Katika stadi ambazo hawakufundishwa, kama kujigeuza wakiwa wamelala, hawakuwatangulia wenzao. Mfano kama huo una uzito kwenye mtihani kuliko kukariri hatua za Piaget.

Saikolojia jamii, ya utambuzi na ya haiba hazisumbui sana anayesoma kila wiki.

Kozi ya matatizo ya akili ina mtego wake: wanafunzi huanza kuwapachika wenzao wa bweni majina ya magonjwa. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, inataka dalili 5 kati ya 9 kwa wiki mbili ndipo mtu aitwe mwenye sonona kuu, na moja lazima iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo. Huzuni ya siku tatu baada ya CAT (jaribio la katikati ya muhula) haitoshi. Kwenye kozi ya vipimo utakutana na PHQ-9, hojaji ya kupima sonona: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27, na kuanzia 10 mtu huhitaji uchunguzi zaidi. Usitazame jumla pekee. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Aliyepata jumla ya 6 lakini akajibu swali hilo kwa 1 lazima aulizwe zaidi siku hiyo hiyo, na msimamizi ajulishwe.

Mwisho ni mafunzo ya nyanjani na mradi wa utafiti. Nyanjani, andika kumbukumbu siku ile ile, na utumie namba badala ya jina. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu daftari lako pia. Kwa mradi, mpangilio ni huu: pendekezo likubaliwe na msimamizi, lipite kamati ya maadili, upate kibali cha NACOSTI (tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti), ndipo ugawe hojaji. Wahojiwa walio chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwao wenyewe. Anayekusanya data kwanza akitumaini kibali kitafuata hupoteza data yote, kwani kibali hakirudishwi nyuma. Kwa hiyo peleka pendekezo mapema, kabla wenzako hawajajaza foleni ya kamati.