Nyasi Zikiwa Njano, Usikimbilie Chokaa

Wiki hii tena mteja amenipeleka kwenye nyasi zake za njano, kando yake mifuko miwili mitupu ya chokaa. "Nimemwaga yote, mbona hazipati nafuu?" Swali hili nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara linaniuma, maana chokaa ikishaingia udongoni haizoleki.

Dhana yenyewe: nyasi zikiwa njano, udongo una asidi. Si kweli! Niliinama nikachuma jani changa: mistari ya kijani, na katikati ya mistari njano tupu. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Udongo unaweza kuwa na chuma tele, lakini pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ikipita 7 chuma hicho hujifunga, mizizi isikipate. Chokaa hupunguza asidi na kupandisha pH, kwa hiyo kuimwaga hapo ni kuzidisha ugonjwa. Njano ingeanzia majani ya chini yaliyokomaa, ningeshuku naitrojeni kwanza.

Nyasi nyingi hustawi pH ikiwa kati ya 6 na 7. Pengo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana: udongo wa pH 5 una asidi mara 10 ya ule wa pH 6. Tena mfinyanzi hula chokaa nyingi kuliko kichanga ili pH ipande hatua ileile, kwa hiyo kipimo cha jirani si chako. Pima kwanza, jamani. Chota udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 10, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha peleka maabara.

Wanaomwaga machicha ya kahawa ili kuongeza asidi wanajichosha. Yakishatumika, asidi iliyobaki ni kidogo. Yaweke kwenye mboji. Jasi nayo ina kalsiamu lakini haipandishi pH. Majivu ya kuni yanaipandisha, tena haraka kuliko chokaa, basi usiyamwage kila wiki kana kwamba ni takataka tu.

Na salfa haishushi pH usiku mmoja: bakteria ndio wanaoigeuza kuwa asidi, na kwenye udongo mkavu au wa baridi huchukua miezi.

Udongo wa mteja wangu umesoma 7.8. Nimemzuia chokaa kabisa, nyasi tunazipulizia chuma majanini, na salfa ataiweka kidogo kidogo, akipima tena kabla ya kuongeza.